Bikoni ya dharura mlimani: iwe sharti au iwe hiari ya mpandaji?

Kila inapokaribia Desemba, vikundi vya wapanda milima vya Dar es Salaam huanza kuchangishana nauli, kukagua viatu na kupanga nani atakwenda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru tarehe 9 na nani atabaki na milima ya karibu. Katika maandalizi hayo limeingia swali ambalo miaka ya nyuma halikuwa na uzito: je, kila mpandaji alazimishwe kubeba bikoni, yaani kifaa kidogo kinachorusha ishara ya dharura hadi kwenye satelaiti na kuwaonyesha waokoaji mahali alipo, au jambo hilo liachiwe uamuzi wake mwenyewe? Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi hivyo, kampuni zinazopandisha wageni, na yeyote atakayeombwa maoni siku kanuni ya namna hiyo itakapopendekezwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime njiani: sharti liwepo, lakini limfunge kiongozi wa kundi na si kila kichwa, na uzito wake utofautiane kati ya mlima wenye lango, ambako kila mpandaji huandikishwa kabla ya kupanda, na mlima usio na lango.

Kifaa chenyewe na vinavyoweza kukaa mahali pake

Bikoni binafsi, ambayo kimataifa hujulikana kwa ufupisho wa PLB, ni ndogo kiasi cha kuingia mfukoni. Mtu akiinua antena yake na kubonyeza kitufe, inarusha ishara kwa masafa ya megahezi 406 yenye nguvu ya takribani wati 5, na ishara hiyo hupokewa na satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti mwaka 1979 na ambao uokoaji wake wa kwanza ulifanyika Kanada mwaka 1982. Kutoka satelaiti taarifa hushuka hadi kituo cha ardhini, hupita katika kituo cha udhibiti, kisha hukabidhiwa kituo cha uratibu wa uokoaji kinachohusika na eneo ilikotokea. Mabaharia wa Dar es Salaam wanaifahamu jamii hii ya vifaa, kwa kuwa EPIRB ya melini na ELT ya kwenye ndege hutumia mfumo huohuo.

Bikoni yenye kipokezi cha GPS humwonyesha mhitaji ndani ya mita mia moja hivi. Isiyo nacho humwonyesha ndani ya kilomita kadhaa, na kwenye makorongo kilomita hizo ni eneo kubwa la kutafuta. Betri yake hukaa miaka mitano au zaidi bila kuguswa, na ikishawashwa inatakiwa kufanya kazi kwa saa 24 au zaidi hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Haina ada ya mwezi. Upungufu wake ni kwamba inasema jambo moja tu, kwamba mtu fulani yuko mahali fulani na anahitaji msaada, wala haiwezi kupokea swali. Aina mpya zinazotumia huduma ya Galileo, mfumo wa satelaiti wa Ulaya, iliyoanza mwaka 2020 humpa mhitaji uthibitisho kwamba ishara yake imepokewa, lakini mazungumzo hayapo.

Vifaa vya ujumbe wa satelaiti, kama vile Garmin inReach inayotumia satelaiti za Iridium, hufanya jambo ambalo bikoni haiwezi: vinatuma na kupokea maandishi. Mhudumu wa kituo cha dharura aweza kuuliza kama mgonjwa ana fahamu, kama anatembea, kama ameanza kuteremshwa, na majibu hayo hubadilisha kabisa aina ya msaada unaotumwa. Kwa upande wa pili, vifaa hivi vinadai ada ya usajili inayolipwa kila mwezi au kila mwaka, betri yake huchajiwa na hivyo yaweza kuisha, na aliyesahau kulipa ada atajikuta na kifaa kisicho na huduma siku anayokihitaji.

Simu ya mkononi ndiyo ambayo kila mtu tayari anayo. Kilimanjaro imepata nafasi ya pekee katika hili, kwani Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi hadi kambi ya Horombo, kwenye mwinuko wa mita 3,720. Hata hivyo betri ya simu hulegea upesi katika baridi ya usiku wa kuelekea kileleni, na katika milima mingi ya nchi hii mtandao hupotea mara mtu anapovuka mgongo wa kwanza au kushuka bondeni. Redio ya upepo, nayo, inawasaidia sana viongozi wanaowasiliana kati ya kambi na kambi, mradi kuna mtu upande wa pili anayesikiliza.

Kwa hiyo yule ambaye swali lake ni kifaa gani anunue, jibu langu ni hili. Kundi lenye kiongozi na wagonjwa wanaoweza kuhudumiwa papo hapo linafaidika zaidi na kifaa cha ujumbe, kwa sababu mazungumzo yanaokoa muda. Watu wawili au watatu wanaotembea peke yao, ambao wakivunjika mguu hawatakuwa na nafasi ya kuchaji chochote, wanafaidika zaidi na bikoni, kwa sababu haidai ada wala umeme kwa miaka mingi na bado itawaka. Simu isihesabiwe kuwa mbadala wa kimojawapo kati ya hivi viwili.

Waliokwisha kulijaribu

Mjadala wa kulazimisha bikoni ulikuwa mkali zaidi katika jimbo la Oregon, Marekani, kuhusu Mlima Hood wenye mita zaidi ya 3,400. Desemba 2006 wapandaji watatu walipotea huko katika dhoruba. Mmoja alikutwa amefariki ndani ya pango la theluji, na wenzake wawili hawakupatikana. Mwaka uliofuata mswada wa kuwalazimisha wapandaji wa majira ya baridi kubeba kifaa cha kutoa ishara wanapopita mwinuko wa futi 10,000 ulipitishwa na baraza moja la bunge la jimbo na kukwama katika Seneti. Linalonivutia zaidi ni kwamba miongoni mwa walioupinga walikuwemo waokoaji wenyewe. Walihofu kwamba mtu mwenye kifaa angethubutu kupanda katika hali ya hewa ambayo bila kifaa angeiogopa, na kwamba waokoaji ndio wangelazimika kumfuata.

Hofu hiyo siipuuzi, lakini siioni kuwa inatosha. Februari 2007, miezi miwili tu baada ya msiba ule, wapandaji watatu na mbwa wao waliteleza katika mlima huohuo wakiwa na kifaa cha kutoa ishara cha eneo lile, nao wakafikiwa wakiwa hai. Matukio haya mawili yakiwekwa kando kwa kando yanaonyesha mpaka wa kifaa chenyewe: katika lile la kwanza dhoruba iliwazuia waokoaji kwa siku kadhaa, na kujua mahali halisi pa wahanga kusingeiondoa dhoruba, katika la pili, kulikuwa na nafasi ya kufika, na kujua mahali ndiko kulikoitumia nafasi hiyo.

Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. Italia, tangu Januari 2022, inawataka wanaopita nje ya njia rasmi za kuteleza penye hatari ya maporomoko ya theluji wawe na kifaa cha kuwatafuta waliofukiwa, pamoja na fimbo ya kupimia na sepeto. Sharti hilo lina mantiki iliyokamilika, kwa sababu anayemtafuta aliyefukiwa ni mwenzake aliye hatua chache kando, mwenye kifaa kama chake, wala hawasubiri mtu kutoka mbali. Nepal ilitangaza kabla ya msimu wa 2024 kwamba wapandaji wa Everest watapaswa kukodi na kubeba chipu ya kufuatilia, kwa gharama ya dola 10 hadi 15. Australia, katika Milima ya Bluu karibu na Sydney, haikulazimisha mtu: bikoni huazimwa bure, na anayeondoka hujaza fomu ya safari yake. Kati ya njia hizi, ya Australia ndiyo ningependa tuichunguze kwa makini zaidi, kwa sababu imegundua kwamba wengi wanaokwenda bila kifaa hawajakataa kukibeba, hawana tu.

Kilimanjaro: tatizo si kutojulikana mahali

Mlima wetu mkubwa una utaratibu ambao Mlima Hood hauna. Hakuna anayepanda bila kampuni yenye leseni na kiongozi. Kila mtu huandikishwa langoni, iwe Marangu, Machame au Londorosi, na hutia saini katika kitabu cha kila kambi. Njia ni chache na zinajulikana. Mtu akizidiwa kati ya kambi ya Barafu na Stella Point, karibu na kilele, kiongozi wake anajua mahali alipo kwa hatua, na askari wa hifadhi wanaijua njia hiyo kuliko satelaiti yoyote.

Kinachoua huko ni mwinuko. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, na sisi wa Dar es Salaam tunaoishi pwani tunafika Moshi kwa basi leo na kuanza kupanda kesho. Maji yakijaa mapafuni au ubongo ukivimba, dawa ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa mara moja, usiku huohuo, huku akipewa oksijeni ikiwepo. Hapo kinachohesabiwa ni kiongozi aliyetambua dalili mapema, machela ya gurudumu moja iliyo karibu, wagumu, yaani wapagazi, wenye nguvu ya kuisukuma, na helikopta ikiwa mawingu yameruhusu na kumekucha. Bikoni ikiwashwa wakati huo itawaeleza watu wa mbali jambo ambalo waliopo tayari wanalijua.

Vivyo hivyo kwa mawe yanayoporomoka. Januari 2006 Wamarekani watatu waliuawa na mawe katika njia ya Western Breach, wakiwa na kundi lao. Hakuna aliyehitaji kuwatafuta.

Kwa sababu hiyo sioni haki ya kumwambia kila mgeni na kila Mtanzania anayepanda Kilimanjaro kwamba bila bikoni yake binafsi hatapita langoni. Fedha hiyohiyo, ikitakiwa kwa kanuni, ingeleta faida kubwa zaidi ikiwekwa katika kipimo cha oksijeni ya damu kwa kila kiongozi, chupa ya oksijeni kwa kila msafara, na redio za upepo zinazosikika hadi kituo cha waokoaji. Baada ya hayo kutimizwa, kifaa kimoja cha ujumbe wa satelaiti kwa kila msafara ni sharti la haki, kwa kuwa wapo wanaoachana na wenzao katika ukungu, na zipo njia za upande wa kaskazini ambako kambi ziko mbalimbali na watu ni wachache.

Wagumu wasiotajwa

Katika mijadala mingi ya aina hii neno mpandaji humaanisha mgeni aliyelipa. Msafara wa wageni wawili waweza kuwa na watu wanane au zaidi wanaowahudumia, na wagumu ndio wanaotangulia mbio kwenda kusimamisha mahema, kila mmoja na mzigo ambao kanuni inataka usizidi kilo 20, mara nyingine akiwa peke yake katika mvua na ukungu, na mavazi duni kuliko ya mgeni anayemfuata nyuma. Ikiwa kuna mtu Kilimanjaro anayeweza kuanguka bila mwenzake kujua, ni huyu.

Linganisha basi sharti la kila kichwa na sharti la kundi kwa jicho hilo. Bikoni moja inauzwa takribani dola 300 hadi 400, yaani si mbali na shilingi milioni moja ukijumlisha usafirishaji. Sharti likisema kila mpandaji, ama litawahesabu wagumu, na kampuni ndogo za Moshi na Arusha zitashindwa kulitimiza au zitawakata wagumu ujira ili kulilipia, ama halitawahesabu, na tutakuwa tumeandika kanuni ya usalama inayowaacha nje walio hatarini zaidi. Sharti la kundi halina mtego huo: linaitaka kampuni iwe na kifaa kimoja kwa kiongozi mkuu na kingine kwa anayewatangulia wagumu, na linaihukumu kampuni, kupitia leseni yake, pale mtu yeyote wa msafara anapopotea bila njia ya kuita msaada. Sitaki kuficha kwamba jambo hili linanigusa zaidi ya mengine yote katika ulinganisho huu. Ninaamini kanuni yoyote itakayoandikwa bila kuanza na mgumu itakuwa imeandikwa vibaya.

Milima isiyo na lango

Hali inageuka kabisa tunapoiacha Kilimanjaro. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, Uluguru imekuwa jirani yetu: mtu aweza kutoka stesheni asubuhi na kuwa kwenye msitu kabla ya jua kuwa kali. Wengi hupanda kilele cha Lupanga, chenye mita zaidi ya 2,100, wakiwa na kijana wa kijijini kama kiongozi, na wengine bila yeyote. Mbele inayotazama mji simu hupata mtandao. Ukishavuka mgongo, mara nyingi haupo. Ukungu hushuka ghafla, njia za wakulima na za wakusanya kuni huchanganyika na njia ya kilele, na hakuna kitabu cha kambi kitakachoonyesha jioni kwamba mtu fulani hajarudi. Ol Doinyo Lengai, wenye mita 2,962, hupandwa usiku ili kukwepa joto, juu ya majivu yaliyo mwinamo mkali, mbali na hospitali. Hanang nayo haina msongamano wa watu wa kumkuta aliyeteleza.

Huku swali la kwanza la mwokoaji ndilo lile ambalo Kilimanjaro lilikuwa limekwisha kujibiwa: yuko wapi? Bikoni hulijibu, ingawa kwa sharti la kuona anga. Chini ya miti mizito ya Uluguru mhitaji atapaswa kujikokota hadi penye uwazi, na hilo afundishwe kabla ya safari. Kwa milima ya aina hii nasimama upande wa ulazima bila kusita. Kwa kuwa hakuna lango la kuusimamia, ulazima huo uanze na vikundi vyenyewe: katiba ya kikundi iseme kwamba safari rasmi ya kwenda mlima usio na lango haiondoki Dar es Salaam bila bikoni au kifaa cha ujumbe kilicholipiwa, kama ambavyo haiondoki bila maji.

Ishara za uongo na nani atakayeitika

Wanaopinga ulazima hutaja ishara za uongo, na wana hoja. Sehemu kubwa ya ishara zinazopokelewa duniani hazitokani na dharura ya kweli. Kitufe kimebonyezwa kwa bahati mbaya, au kifaa kimetupwa jalalani kikiwa na betri. Mwaka 2009 kundi moja la watembeaji katika Grand Canyon, Marekani, liliita waokoaji mara tatu kwa kifaa cha satelaiti, na mara mojawapo sababu ilikuwa kwamba maji waliyoyapata yalikuwa na ladha ya chumvi. Kadiri vifaa vinavyogawiwa kwa watu wasiofunzwa, ndivyo visa vya namna hiyo vinavyoongezeka, na rubani mmoja anayerushwa bure hadi mita 4,600 amehatarishwa bure. Hii ni sababu nyingine ya kuvipunguza vifaa na kuvikabidhi kwa viongozi waliofunzwa.

Hoja nzito zaidi ni ya anayeitika. Ishara ikitoka Uluguru usiku, taarifa itapita katika vituo vya kimataifa na kurejea kwa mamlaka za nchi, kisha lazima iwafikie watu wenye miguu: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114, polisi kupitia 112, wahifadhi wa msitu, na wanakijiji ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kufika. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja, mmiliki wa bikoni atasubiri kwenye baridi akiamini kwamba msaada uko njiani. Serikali ikitaka kuliweka sharti hili katika kanuni, iandike kwanza nani anapokea, nani anatoka, na nani analipa, ndipo imwandike mpandaji.

Kikundi cha Dar es Salaam kifanye nini mwaka huu

Kikundi chenye wanachama ishirini hakihitaji bikoni ishirini. Kinahitaji mbili, zinazomilikiwa na kikundi na kutunzwa na mtu mmoja anayewajibika, zikiazimwa kwa kila safari kwa mfano wa Milima ya Bluu. Kama wanachama wengi hupanda Kilimanjaro kupitia kampuni, fedha ya bikoni ya pili iende kwenye kifaa cha ujumbe, na kabla ya kulipa malipo ya awali kampuni iulizwe kwa maandishi kama ina oksijeni, redio na kifaa cha satelaiti, na kama wagumu wake wanaotangulia wana njia ya kuita msaada. Kampuni inayokwepa swali hilo la mwisho isipewe kazi. Anayeagiza kifaa kutoka nje ahakikishe kimekidhi matakwa ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa kuwa ni chombo cha redio.

Bikoni isajiliwe kwa jina la kikundi mara inaponunuliwa, kwa sababu usajili ndio unaomwezesha mratibu wa uokoaji kupiga simu na kutambua kama ishara ni ya kweli. Mtu wa kupigiwa asiwe miongoni mwa wanaopanda safari hiyo. Awe ndugu au mwanachama aliyebaki mjini, mwenye nakala ya ratiba, majina na njia itakayofuatwa, na aliyekubali kuiacha simu yake ikiwa na sauti usiku kucha.